Zabuni za serikali: Kila hatua ina mwenye kuijibia

SERIKALI ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini Kenya. Hununua chaki na reli, dawa na barabara, karatasi za kura na huduma za ulinzi wa malango ya ofisi. Fedha zinazotumika ni za mlipa ushuru, na hata zikiwa za mkopo, mlipa ushuru huyo ndiye atakayezirejesha pamoja na riba.

Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010 haikuacha jambo hili mikononi mwa hiari ya wakubwa. Kifungu cha 227 kinaagiza kuwa taasisi yoyote ya umma inayoingia katika kandarasi ya bidhaa au huduma ifuate mfumo wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria, kanuni na kamati zote za zabuni zimechipuka kutoka kwa maneno hayo matano.

Wengi hudhani kwamba kanuni za ununuzi wa umma zimewekwa ili serikali ipate bei ya chini. Hilo ni lengo mojawapo tu. Lengo kuu ni kuhakikisha kwamba kila uamuzi una karatasi yake, na kila karatasi ina sahihi ya mtu atakayeulizwa mambo yakienda mrama. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ya zabuni nchini Kenya imethibitisha methali hiyo mara nyingi.

Safari ya sheria

Enzi za ukoloni, mahitaji mengi ya serikali yaliagizwa Uingereza kupitia shirika la Crown Agents lililokuwa na makao yake London. Baada ya uhuru, zabuni kubwa zilikuja kusimamiwa na Bodi Kuu ya Zabuni chini ya Wizara ya Fedha. Kwa miaka mingi bodi hiyo iliongozwa na mwongozo na nyaraka za wizara badala ya sheria ya Bunge, na aliyekiuka waraka hakuwa na mengi ya kuogopa.

Kanuni za kwanza zenye nguvu za kisheria zilitolewa mwaka 2001. Bunge likapitisha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma mwaka 2005, nayo ikaanza kutekelezwa Januari 1, 2007. Hapo ndipo ilipoundwa mamlaka ya kusimamia sekta hii, nayo bodi ya kusikiliza malalamishi ya wafanyabiashara walioshindwa, iliyokuwa imeanzishwa na kanuni za 2001, ikaendelezwa.

Katiba ya 2010 ilipoleta serikali 47 za kaunti, kila moja ikiwa na bajeti na zabuni zake, sheria hiyo ililazimika kuandikwa upya. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 ilianza kutumika Januari 7, 2016, na kanuni zake za utekelezaji zikafuata mwaka 2020.

Hazina ya Taifa hutunga sera. Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma hufuatilia iwapo sheria inafuatwa, nayo Bodi ya Kukagua Malalamishi huamua mizozo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchunguza matumizi, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, huandama wahalifu. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya taasisi hizo inayomnunulia mtu kitu. Mzigo huo uko kwa afisa msimamizi wa fedha wa kila taasisi: katibu wa wizara, afisa mkuu wa idara ya kaunti, au mkurugenzi wa shirika la serikali. Sheria humtaja yeye kuwa mwenye kujibu, wala hawezi kujificha nyuma ya kamati aliyoiteua mwenyewe.

Misingi mitano

Haki ni kuwapima wazabuni wote kwa kipimo kimoja. Sharti lililoandikwa katika stakabadhi za zabuni ndilo litakalotumika kutathmini. Kamati haiwezi kuzua sharti jipya baada ya bahasha kufunguliwa, wala kumsamehe mmoja kosa ambalo mwingine ameondolewa kwalo.

Usawa ni jambo tofauti kidogo. Katiba inakiri kwamba kuna watu waliofungiwa mlango kwa miaka mingi, na kwamba kuwatangazia mashindano ya wazi na makampuni makongwe hakuwezi kuwafaa kitu. Kwa hiyo asilimia 30 ya zabuni za umma hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sehemu ya walemavu ndani yake isipungue asilimia mbili ya zabuni zote. Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2013 na baadaye ukatiwa nguvu na sheria. Kaunti nazo hutakiwa kuwatengea wakazi wake angalau asilimia 20.

Fungu hilo si sadaka. Makundi yaliyosajiliwa hushindana yenyewe kwa yenyewe, na bidhaa zao hukaguliwa kama za mtu mwingine yeyote. Mtu mwenye uwezo anapolitumia jina la mpwa wake au la kijakazi wake kuchukua fungu la vijana, huwa amewaibia vijana waliokusudiwa na Katiba.

Uwazi humaanisha kwamba zabuni hutangazwa, bahasha hufunguliwa hadharani, na anayeshindwa huelezwa sababu. Agizo la Rais nambari 2 la mwaka 2018 lilitaka taasisi zote za umma zichapishe habari za zabuni zilizotolewa, majina ya washindi na bei zao, kuanzia Julai 1 mwaka huo.

Ushindani ndio kawaida. Kutokuwepo kwa ushindani ni jambo linalohitaji kuelezwa. Msingi wa tano, gharama nafuu, hautaki kitu cha bei ya chini zaidi kwa vyovyote vile. Kitanda cha hospitali kinachovunjika baada ya miezi sita si nafuu hata kama kilinunuliwa kwa nusu ya bei.

Kabla ya tangazo

Chukua mfano wa kaunti inayotaka kununua vitanda 100 vya hospitali. Wengi hudhani kwamba shughuli huanza siku tangazo linapotokea gazetini. Kisheria, huanza miezi kadha kabla ya hapo.

Kwanza, vitanda hivyo sharti viwe katika mpango wa ununuzi wa mwaka, na mpango huo utokane na bajeti iliyoidhinishwa. Sheria inamkataza afisa msimamizi kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuridhika kwamba fedha za kutosha zimetengwa.

Pili, idara inayohitaji vitanda huandika maelezo ya kiufundi: urefu, uzito ambao kitanda kinaweza kubeba, aina ya chuma na godoro. Maelezo hayo hayafai kutaja jina la kampuni au chapa fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachohitajika, na hapo ni lazima iongezwe kuwa kitu kingine kinacholingana nacho kitakubaliwa. Ni katika ukurasa huu ambapo zabuni nyingi huibiwa kabla hata hazijatangazwa. Maelezo yakishonwa kama suti ya mtu mmoja, wengine wote watakaojaribu kuivaa wataonekana haiwatoshi.

Tatu, njia ya ununuzi huchaguliwa. Zabuni ya wazi ndiyo inayotangulia. Zipo njia nyingine: zabuni kwa wachache walioalikwa, maombi ya bei kwa vitu vilivyo chini ya kiwango kilichowekwa, maombi ya mapendekezo kwa wataalamu, na ununuzi wa moja kwa moja. Kila njia ina masharti yake, na sababu za kuichagua lazima ziandikwe.

Afisa asiyetaka ushindani hukabiliwa na kishawishi cha kugawa vitanda 100 katika mafungu madogo madogo, kila moja likipita chini ya kiwango cha zabuni ya wazi. Sheria inakataza hilo waziwazi. Kugawanya ununuzi kwa nia ya kukwepa utaratibu ni kosa, hata kama kila fungu kivyake linaonekana kuwa halali.

Bahasha na kamati

Zabuni ikishatangazwa, mzabuni anaweza kutakiwa kuweka dhamana isiyozidi asilimia mbili ya thamani ya zabuni, ili asijitoe kiholela baada ya kushinda. Makundi ya vijana, wanawake na walemavu hayaweki dhamana hiyo ya fedha. Hutia sahihi ahadi badala yake.

Saa ya mwisho ikifika, sanduku hufunguliwa papo hapo. Kamati ya kufungua huwa na watu wasiopungua watatu, na angalau mmoja wao asiwe mtu anayehusika na kushughulikia au kutathmini zabuni hizo. Wazabuni wana haki ya kuhudhuria. Jina la kila mzabuni na jumla ya bei yake husomwa kwa sauti. Zabuni iliyochelewa haipokelewi, na hakuna anayeondolewa mashindanoni siku hiyo ya kufungua.

Bei inayosomwa siku hiyo ni ya mwisho. Sheria ya 2015 inakataza isahihishwe, irekebishwe au ibadilishwe na yeyote. Kifungu hicho kilifunga mwanya wa zamani ambapo “makosa ya hesabu” yaligunduliwa baadaye ofisini, na bei ya mtu aliyependelewa ikashuka au kupanda ilivyohitajika.

Kamati nyingine, ya tathmini, ndiyo inayochambua. Huanza kwa kuangalia iwapo stakabadhi za lazima zipo, kama vile cheti cha ushuru na usajili wa kampuni. Kisha hupima uwezo wa kiufundi, na mwisho bei. Kwa zabuni ya wazi, kazi hiyo yote isizidi siku 30. Mkuu wa kitengo cha ununuzi huisoma ripoti na kutoa maoni yake ya kitaalamu kwa maandishi. Afisa msimamizi akiamua kinyume cha kamati au cha maoni hayo, daftari litaonyesha kwamba yeye ndiye aliyeamua hivyo.

Utaratibu huu wa kutenganisha kazi ndio uti wa mgongo wa kanuni zote. Anayehitaji kitu siye anayefungua bahasha. Anayetathmini siye anayetoa zabuni. Anayetoa zabuni siye anayekagua mzigo ukifika. Ili wizi ufaulu, watu wengi ni lazima wale njama, na kila mmoja wao aache alama ya kidole chake kwenye faili. Faili hiyo yenyewe lazima ihifadhiwe kwa miaka sita baada ya kandarasi kukamilika.

Siku 14 za kulalamika

Mshindi na walioshindwa huarifiwa kwa wakati mmoja, nao walioshindwa huelezwa sababu. Kandarasi haiwezi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita. Muda huo umewekwa ili anayehisi amedhulumiwa apeleke malalamishi kwa Bodi ya Kukagua Malalamishi, na akishayawasilisha, shughuli yote ya zabuni husimama.

Bodi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Asiyeridhika ana siku nyingine 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo hutakiwa kuamua katika siku 45. Rufaa hukatwa kwa siku saba, na Mahakama ya Rufaa nayo ina siku 45. Mahakama zikishindwa kuamua katika muda huo, uamuzi wa bodi ndio unaosimama.

Uharaka huo una maana. Wagonjwa wanaolala sakafuni hawawezi kungoja kesi ya miaka mitano kuhusu vitanda. Lakini uharaka pia hugongana na haki, kama ilivyoonekana kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017. Baada ya mivutano ya muda mrefu kuhusu zabuni ya karatasi za kura, Tume ya Uchaguzi iliamua kununua moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya Al Ghurair ya Dubai. Mnamo Julai 7, Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu ya karatasi za kura ya urais kwa kuwa umma haukushirikishwa. Wiki mbili baadaye Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, ikitaja pamoja na mengine ufinyu wa muda uliosalia kabla ya siku ya kupiga kura.

Somo kwa wasimamizi wa taasisi ni kwamba anayechelewa kupanga hujikuta akinunua chini ya shinikizo la kalenda, na shinikizo hilo hupunguza nafasi ya kila mtu kuuliza maswali.

Mahali mianya ilipo

Hakuna sheria isiyo na milango ya dharura. Ununuzi wa moja kwa moja unaruhusiwa pale ambapo ni mtu mmoja tu awezaye kutoa kitu hicho, au panapozuka vita, fujo, janga au hitaji la haraka. Lakini sheria imeweka kufuli mbili: nia isiwe kukwepa ushindani, na haraka hiyo isiwe imeweza kutabirika wala kusababishwa na uzembe wa taasisi yenyewe.

Mfano wa kufuli hizo kulegea ulionekana wakati wa janga la korona. Mwaka 2020 Mamlaka ya Kusambaza Dawa na Vifaa vya Matibabu, KEMSA, ilinunua vifaa vya kujikinga vya takriban Sh7.8 bilioni. Ripoti maalum ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bi Nancy Gathungu, ilibaini kwamba ununuzi ulifanywa bila bajeti iliyoidhinishwa na kwa bei zilizopita za soko, huku shehena kubwa ikibaki maghalani. Janga lilikuwa la kweli na haraka ilikuwa ya kweli. Hata hivyo dharura huruhusu kuruka tangazo; hairuhusu kuruka bajeti wala bei ya soko.

Mlango wa pili ni usiri wa kiusalama. Sakata ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, ilihusu kandarasi 18 zilizotiwa sahihi tangu miaka ya 1990, nyingi zikiwa za idara za usalama. Iliyozua kishindo zaidi ilikuwa ya mfumo wa kuchapisha pasipoti. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya takriban Euro 6 milioni. Kandarasi ikapewa Anglo Leasing and Finance, jina lililokuwa na anwani ya Liverpool, Uingereza, kwa takriban Euro 30 milioni. Bw John Githongo, aliyekuwa katibu wa maadili na utawala bora, alijiuzulu Februari 2005 akiwa ughaibuni.

Kilichoumiza zaidi kilikuja baadaye. Baadhi ya kampuni zilizohusika na kandarasi hizo zilishtaki ng’ambo na kushinda. Mnamo Mei 2014 serikali ililazimika kulipa takriban Sh1.4 bilioni ili iweze kwenda katika soko la kimataifa kukopa kwa hatifungani. Sahihi ya afisa mmoja kwenye kandarasi hulifunga taifa, na jaji wa nchi ya kigeni hatauliza kama kamati ya tathmini iliketi au haikuketi.

Mlango wa tatu, ambao ni mpana kuliko yote, ni makubaliano baina ya serikali na serikali. Sheria ya sasa haigusi ununuzi unaofanywa chini ya makubaliano ya Kenya na nchi ya kigeni au shirika lake, isipokuwa kanuni zielekeze vinginevyo. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyogharimu takriban Sh327 bilioni na kujengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa mkopo wa Exim Bank ya China, haikutangaziwa zabuni ya wazi. Chama cha Mawakili na mwanaharakati Okiya Omtatah walikwenda kortini mwaka 2014.

Mnamo Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa Shirika la Reli lilikiuka Katiba na sheria ya ununuzi. Treni zilikuwa zimeanza kusafirisha abiria miaka mitatu kabla ya hapo. Juni 2023, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa msingi kwamba ununuzi uliotokana na makubaliano hayo ya serikali mbili haukufungwa na masharti ya kawaida ya sheria ya 2005.

Kwa mkondo huo huo, mwaka 2023 uagizaji wa mafuta uliokuwa ukifanywa kwa zabuni ya wazi ya kila mwezi ulibadilishwa na kuwa mpango na kampuni za serikali za Saudi Arabia na Milki za Kiarabu. Miradi ya ubia na wawekezaji binafsi nayo ina sheria yake ya mwaka 2021, inayomruhusu mwekezaji kuleta pendekezo ambalo hakuombwa. Pendekezo la kampuni ya Adani ya India kuhusu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta lilikuja kwa njia hiyo, na Rais William Ruto akaagiza lisitishwe Novemba 2024 baada ya pingamizi kali. Kadiri kandarasi inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyoelekea kupita nje ya kanuni ambazo muuzaji wa vitanda 100 hana budi kuzifuata.

Baada ya sahihi

Kandarasi ikishatiwa sahihi, umma husahau. Lakini fedha nyingi hupotea hapa. Mshindi anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya utekelezaji isiyozidi asilimia 10 ya bei. Malipo ya awali hutolewa katika hali za pekee tu, yasizidi asilimia 20, na kwa dhamana. Bei haiwezi kubadilishwa ndani ya miezi 12 ya kwanza, na mabadiliko yote yakijumlishwa yasipandishe kandarasi kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya awali. Bila ukomo huo, mzabuni angeshinda kwa bei ya kutupa halafu ajirudishie hasara kwa nyongeza.

Vitanda vikifika, kamati ya ukaguzi na upokeaji huvihesabu, huvilinganisha na maelezo, na kutia sahihi. Sahihi ya uongo hapa ndiyo huzaa zahanati hewa na visima visivyo na maji.

Kisha huja malipo, ambapo mfumo mzima umeyumba kabisa. Kwa mujibu wa takwimu za Msimamizi wa Bajeti, kufikia Juni 2024 kaunti zilikuwa na madeni ya zaidi ya Sh180 bilioni. Kwa upande wa serikali kuu, kamati iliundwa mwaka 2023 kuhakiki madai yaliyolimbikizwa tangu mwaka 2005. Nyuma ya tarakimu hizo wamo wafanyabiashara wadogo waliokopa benki kwa imani ya barua ya zabuni, wakapeleka mzigo, kisha wakaona mashamba yao yakipigwa mnada.

Sehemu ya tatizo ni Hazina ya Taifa kuchelewa kutuma mgao. Lakini sehemu nyingine inarudi kwenye ile hatua ya kwanza kabisa. Ikiwa hakuna ununuzi unaoruhusiwa kuanza kabla ya fedha kutengwa, basi madeni mengi yanaashiria kwamba kuna afisa aliyetangaza zabuni bila fedha, au aliyezielekeza fedha hizo kwingine. Sheria humpa mdai haki ya riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini riba hiyo nayo hutoka kwenye mfuko wa mlipa ushuru, si wa afisa aliyekosea.

Adhabu zipo. Mtu anayepatikana na hatia ya kukiuka sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh4 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 10, au yote mawili. Kampuni inaweza kutozwa hadi Sh10 milioni, na inayofanya udanganyifu yaweza kupigwa marufuku ya zabuni zote za umma kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mtumishi wa umma haruhusiwi kufanya biashara na taasisi anayoitumikia.

Hazina ya Taifa ilianza mwaka 2025 kuhamishia ununuzi wote katika mfumo wa kielektroniki, hatua iliyopingwa na magavana na kuzua kesi mahakamani. Wanaoutetea mfumo huo husema kompyuta haipokei mlungula. Hilo ni kweli, lakini kompyuta haiandiki maelezo ya kiufundi wala haihesabu vitanda ghalani. Hizo zitabaki kazi za binadamu.

Mwananchi naye hakuachwa mikono mitupu. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya mwaka 2016 kuhusu upatikanaji wa habari humpa kila raia haki ya kuomba mpango wa ununuzi wa kaunti yake, orodha ya kandarasi zilizotolewa na bei zake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu huchapishwa kwa kila taasisi na kila kaunti. Mzabuni aliyeshindwa anaweza kudai kumbukumbu za ufunguzi na sababu za kuondolewa. Akikumbana na zahanati isiyo na vitanda, mkazi yeyote ana haki ya kuuliza maswali manne: Je, vilikuwa katika bajeti? Nani alishinda zabuni na kwa bei gani? Nani alitia sahihi kuwa vimepokelewa? Na je, aliyevileta alilipwa?

Majibu ya maswali hayo, kwa mujibu wa sheria, yapo kwenye faili.